iPod au MP3 Inakataa Nyimbo: Kupakia Muziki Bila Programu ya Mtengenezaji

Kicheza muziki kinachokataa nyimbo mara nyingi ni kizima. Kinachogoma ni programu ya kwenye kompyuta, au waya, au kadi, au namna mafaili yalivyoandikwa. iPod Classic iliacha kutengenezwa mwaka 2014, nano na shuffle zikafuata 2017, na touch ikawa ya mwisho kuondoka 2022. Hata hivyo mitumba yake bado inazunguka Kampala, Arua na Busia, pamoja na vile vidogo vya Kichina vinavyoning'inizwa kwenye maduka ya simu. Watu huvitupa kwa sababu iTunes, programu ya Apple ya kupakia nyimbo, imekataa kuingia kwenye kompyuta ya zamani, au imeingia na kudai kufuta nyimbo zote. Kuna njia nyingine, ila njia ya kifaa kimoja haifai kwa kingine. Ndiyo maana kazi huanza kwa kukitambua.

Kijue kifaa chako kwanza

Kiunganishe na kompyuta, ufungue File Explorer. Kikitokea kama flashi, na herufi yake kama E: au F:, na ukiweka wimbo ndani yake kinaupiga bila maswali, hicho ni kifaa cha diski tu. Vya Kichina karibu vyote viko hapa. Hakihitaji programu yoyote, na matatizo yake yako kwenye kadi na mafaili.

Kikitokea kwa jina lake bila herufi ya diski, kama simu ya Android inavyotokea, kinatumia MTP, njia ya kupitisha mafaili bila kifaa kuwa diski. Sansa Clip za zamani hufanya hivyo.

Kikitokea kama flashi lakini nyimbo ulizonakili hazionekani kwenye skrini yake, hiyo ni iPod. Igeuze usome namba ndogo mgongoni inayoanza na A. A1136 ni iPod ya video, yaani kizazi cha tano. A1238 ni Classic. Nano ya pili ni A1199, ya tatu A1236, ya nne A1285, ya tano A1320, ya sita A1366, ya saba A1446. Iandike namba hiyo mahali, kwa sababu muuzaji akikuambia "hii ni nano tu" hajakuambia kitu. Nano ya pili na nano ya saba hazifanani hata kidogo kwa kazi tunayoifanya hapa.

Kompyuta haikioni kabisa

Anza na waya. Waya nyingi za bei rahisi zina nyuzi mbili tu za umeme na hazina nyuzi mbili za data, kwa hiyo kifaa kitachaji vizuri na kompyuta isijue kipo. Jaribu waya huohuo na simu, kama unaingia. Simu nayo ikichaji tu bila kuonyesha mafaili, umempata mchawi. Kisha chomeka moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani. Matundu ya mbele mara nyingi yamechoka, na kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake hakiwezi kubeba iPod yenye diski inayozunguka.

Waya ukiwa mzima na iPod bado haionekani, ilazimishe iingie hali ya diski. Telezesha swichi ya Hold iwake kisha uizime, bonyeza Menu na kitufe cha katikati pamoja kwa sekunde 6 hadi 8 mpaka nembo ya tufaha itokee. Hapo hapo achia, ubonyeze kitufe cha katikati pamoja na Play mpaka skrini iandike Disk Mode. Njia hii inafaa kwa iPod zenye gurudumu, kuanzia mini hadi Classic na nano za kizazi cha 1 hadi 5. Ukichelewa kubadilisha vidole, itawaka kama kawaida. Rudia.

Ikisikika mlio wa kuunganishwa lakini herufi ya diski haitokei, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc. Ukiiona iPod pale bila herufi, bonyeza kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, uipe herufi ya mbali kama P:. Hili hutokea zaidi kwenye kompyuta za ofisi, ambazo diski za mtandao zimeshachukua herufi za mwanzo.

Kwa kifaa cha MTP kisichoonekana kwenye Windows, angalia kama Windows yenyewe ni toleo la N. Toleo hilo linakuja bila MTP, na mpaka uongeze Media Feature Pack halitakiona kifaa hata ubadilishe waya kumi. Mac nayo haijui MTP kabisa. Tumia programu ya bure ya OpenMTP.

Windows inasema "format the disk"

Usibonyeze Format. Ujumbe huo kwa iPod una maana moja kati ya mbili. Ya kwanza, iPod ilifomatiwa kwenye Mac, na Windows haiusomi mpangilio wa mafaili wa Mac uitwao HFS+. Nyimbo zimo, zimetulia. Linux inausoma, ila ikiwa HFS+ hiyo ina jarida (journaling, kumbukumbu ya mabadiliko) itakubali kusoma tu bila kuandika, na kwa kuokoa nyimbo kusoma kunatosha. Ukishazitoa, ndipo uirejeshe iPod kwa Restore ya iTunes ndani ya Windows ili iwe FAT32, mpangilio ambao Windows inausoma. Restore inafuta kila kitu.

Maana ya pili ni kwamba mpangilio umeharibika kwa kuchomolewa ghafla. Kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukikatika katikati ya kupakia, huacha iPod ikiwa imeandikwa nusu. Ikiwa herufi ya diski ipo, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya kifaa chako. Kazi ya kupakia nyimbo nyingi ifanye kwenye laptopu yenye betri. Gharama yake ni ndogo kuliko kurudia.

Nyimbo ziko ndani, skrini inasema No Music

Hapa ndipo iPod inapowachanganya wengi, kwa hiyo tukae kidogo.

iPod haitafuti nyimbo kwenye folda. Inasoma faili moja la hifadhidata liitwalo iTunesDB, lililo ndani ya folda iliyofichwa iPod_Control\iTunes. Nyimbo zenyewe ziko iPod_Control\Music, zimetawanywa kwenye folda F00, F01, F02 na kuendelea, zikiwa na majina ya herufi nne yasiyo na maana, mfano QXZT.mp3. Wimbo ulionakili kwa mkono uko kwenye diski lakini haumo kwenye daftari hilo la iTunesDB, na iPod humwamini mwenye daftari. Kwa hiyo programu yoyote mbadala wa iTunes lazima ijue kuandika daftari hilo. VLC ya kompyuta haijui, Windows Media Player haijui, na mtu wa kibanda cha nyimbo anayenakili kwa kukokota naye hajui.

Kwenye Windows, chaguo letu la kwanza ni foobar2000 pamoja na nyongeza yake iitwayo foo_dop. Ukubwa wa foobar2000 ni chini ya MB 10, wakati iTunes ni zaidi ya MB 150, na kwa nchi kama Uganda, ambayo data imebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, tofauti hiyo inaonekana mfukoni. Pakua foobar2000 ya biti 32, si ya biti 64, maana nyongeza hiyo ni ya biti 32 na haitaingia kwenye nyingine. Sakinisha foobar2000, kisha bonyeza mara mbili faili la nyongeza lenye mwisho .fb2k-component, ukubali iwashwe upya. Unganisha iPod. Kokota folda ya nyimbo kwenye dirisha la foobar2000, zichague zote, bonyeza kulia, nenda kwenye iPod, chagua Send to iPod. Subiri mpaka imalize kuandika hifadhidata. Dirisha la maendeleo likifungwa lenyewe ndipo utumie Eject. Ukichomoa wakati nyimbo zimeingia lakini daftari bado linaandikwa, utakuta nafasi imeliwa na skrini bado inasema No Music.

Kwenye Linux, Rhythmbox inatosha. Ubuntu nyingi huwa nayo tayari, na isipokuwepo ni sudo apt install rhythmbox. Hakikisha kijalizo cha iPod kimewashwa kwenye Plugins. iPod itatokea upande wa kushoto, nawe utakokota nyimbo juu yake.

Sasa kikwazo. Kuanzia Classic na nano ya tatu, Apple iliongeza sahihi, yaani saini ya kidijitali, ndani ya iTunesDB, inayokokotolewa kutokana na namba ya kipekee ya iPod yenyewe. Programu isiyoijua namba hiyo itaandika daftari lisilo na kosa lolote ila kukosa saini hiyo, na iPod italikataa lote. Dalili yake haikosewi: Rhythmbox inaonyesha nyimbo zote 800, ukichomoa, skrini inaonyesha sifuri. Kwenye Linux sakinisha libgpod-common, tafuta jina la diski kwa lsblk, kisha uandike

sudo ipod-read-sysinfo-extended /dev/sdb /media/jina/IPOD

ukibadilisha sdb na njia ya folda kulingana na yako. Amri hii husoma namba kutoka kwenye iPod na kuihifadhi kwenye iPod_Control/Device kama faili SysInfoExtended. Ifanye mara moja tu. Baada ya hapo funga Rhythmbox, uifungue, upakie tena wimbo mmoja ili daftari liandikwe upya kwa sahihi.

Nano ya tano ina sahihi ngumu zaidi, na ya sita na ya saba ngumu kupita hiyo. Kwa hizo usipoteze siku nzima na Linux. Tumia iTunes, au Finder kwenye Mac yenye macOS Catalina ya 2019 au ya baadaye, kwa sababu huko iTunes haipo tena na kusawazisha kumehamia Finder. Kompyuta ikiwa bado na Windows 7, iTunes inayoifaa ni 12.10.11. Toleo jipya zaidi litakataa kusakinishwa, na wengi husoma kukataa huko kama virusi.

Shuffle, ile isiyo na skrini, ina daftari lake dogo liitwalo iTunesSD, na ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa kizazi cha kwanza na cha pili kuna programu ndogo rebuild_db. Iweke kwenye shuffle yenyewe, nakili nyimbo kama kwenye flashi, iendeshe, imekwisha. Kwa kizazi cha tatu na cha nne tafuta hati ya Python iitwayo ipod-shuffle-4g. Ukishaizoea utajiuliza kwa nini iPod nyingine hazikufanywa hivi.

iTunes inataka kufuta nyimbo zote

Umenunua iPod ya mtumba yenye GB 60 za nyimbo za mwenye nayo wa kwanza, au kompyuta yako ya zamani imekufa, na iTunes mpya inasema iPod imesawazishwa na maktaba nyingine, inakupa kitufe cha Erase and Sync. Bonyeza Cancel. iTunes haitoi nyimbo kutoka kwenye iPod kwenda kwenye kompyuta isipokuwa zilizonunuliwa dukani kwake, kwa hiyo zitoe mwenyewe.

Kwenye File Explorer fungua View, uweke alama kwenye Hidden items. Ingia iPod_Control, kisha Music, unakili folda zote za F kwenda kwenye kompyuta. Sasa una mamia ya mafaili yenye majina kama ABQJ.mp3. Usiogope, majina ya kweli yako ndani ya lebo (tag) za kila wimbo. Fungua Mp3tag, programu ya kuhariri lebo, kokota folda zote humo, bonyeza Ctrl+A, nenda Convert, halafu Tag - Filename, uandike

%artist%\%album%\$num(%track%,2) %title%

Angalia mfano unaoonyeshwa chini ya kisanduku kabla ya kukubali. Nyimbo zisizo na lebo zitakwama, nazo ni nyingi kwa muziki uliopakiwa vibandani. Hizo utazisikiliza moja moja, hakuna njia ya mkato.

Mafaili yenye mwisho .m4p yalinunuliwa iTunes kabla ya Apple kuondoa kufuli kwenye nyimbo zake mwaka 2009. Yatapigwa tu kwa akaunti ya aliyeyanunua. Yafute.

iPod touch

Touch ni simu isiyo na laini. Haijionyeshi kama diski, na mambo ya iTunesDB hapo juu hayaihusu. Usihangaike na hifadhidata yake. Weka VLC kutoka App Store. Kwenye mfumo wa zamani, App Store itapendekeza toleo la mwisho linalokubali, nawe ukubali. Ndani ya VLC washa Sharing via WiFi, itakupa anwani ya namba. Iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi ileile, ukokote nyimbo. Wi-Fi hiyo inaweza kuwa hotspoti ya simu yako data ikiwa imezimwa. Mafaili yanapita baina ya vifaa viwili tu, na bando haliguswi. VLC pia hupiga mafaili ya sauti ya aina ya FLAC na Opus, jambo ambalo programu ya muziki ya kifaa chenyewe italikataa.

Baadhi ya nyimbo zinarukwa

iPod za kawaida hupiga MP3, AAC, ALAC, WAV na AIFF. Hazipigi FLAC, Ogg, Opus wala WMA. Hapa kwetu tatizo hili mara nyingi huletwa na WhatsApp: rekodi za kwaya na mawaidha zinazotumwa kama ujumbe wa sauti ni Opus. Kubadilisha jina kutoka .opus kwenda .mp3 hakubadilishi kilichomo, kama vile kibandiko cha sukari kisivyoifanya chumvi tamu.

Tumia ffmpeg, programu ya kugeuza mafaili ya sauti kutoka aina moja kwenda nyingine. Ndani ya folda yenye mafaili hayo, kwenye Command Prompt ya Windows andika

for %i in (*.opus) do ffmpeg -i "%i" -c:a libmp3lame -ac 1 -b:a 64k "%~ni.mp3"

Kwa maneno matupu kbps 64 kwa mkondo mmoja inatosha, na saa nzima ya mawaidha inakuwa kama MB 29. Kwa kwaya au bendi ondoa -ac 1 na weka 192k. Usipandishe zaidi ya hapo. Rekodi iliyokwisha kubanwa haitarudisha sauti iliyopotea, itakula nafasi tu.

Kisa kingine cha kurukwa ni faili linaloitwa .mp3 lakini ndani ni M4A, matokeo ya tovuti za kupakua zinazobadilisha jina tu. Kwenye foobar2000 bonyeza kulia wimbo, chagua Properties, usome mstari wa Codec. Ukisema AAC, badilisha mwisho wa jina kuwa .m4a na wimbo utapigwa bila kuubadilisha kitu kingine. Na nyimbo za ALAC zenye hezi 96,000 zishushe hadi 48,000 au 44,100, maana Classic haipandi zaidi ya 48,000.

Majina ya nyimbo yameharibika

Wimbo wa Kiganda wenye neno "Eŋŋoma" unatokea kwenye skrini kama "EÅ‹Å‹oma". Wimbo wenyewe ni mzima. Herufi ŋ imehifadhiwa kwa UTF-8, moja ya njia za kuandika herufi kwa baiti, na kifaa kinasoma baiti zake mbili kama herufi mbili za Kizungu, Å na ‹. Vicheza vingi vya bei nafuu havijui lebo za ID3v2.4 zinazotumia UTF-8, ila vinajua ID3v2.3 yenye UTF-16. Kwenye Mp3tag fungua Options, Tags, Mpeg, uchague ID3v2.3 UTF-16 kwenye sehemu ya kuandika. Kisha chagua nyimbo zote na ubonyeze Ctrl+S ili lebo ziandikwe upya. Ikitokea mraba mtupu badala ya Å‹, sasa lebo ni sahihi na kinachokosekana ni fonti ya kifaa. Hapo andika ng' na maisha yaendelee.

Vicheza vya kadi: mambo yanayosumbua

Nyimbo zinapigwa kwa mpangilio wa ajabu. Vicheza hivi havipangi kwa alfabeti. Vinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye FAT. Kwa Windows tumia DriveSort. Kwa Linux toa kadi kwenye mfumo kwa umount kisha sudo fatsort /dev/sdb1. Majina yaanze na 001, 002, kwa sababu bila sifuri za mbele 10 itatangulia 2.

Kadi ya GB 64 haionekani, ya GB 16 inaonekana. Kadi za GB 64 na kuendelea huja zimefomatiwa exFAT, na kifaa kinajua FAT32 tu. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows halitoi FAT32 kwa kadi kubwa kuliko GB 32. Tumia Rufus au guiformat.

Nyimbo za mwanzo zinapigwa, baada ya hapo ukimya au kelele. Kabla ya kulaumu kifaa, pima kadi. Kadi bandia ni chipu ndogo, pengine ya GB 8, iliyofundishwa kudanganya kuwa ni 128. Inapokea kila unachoandika bila kulalamika, na kinachozidi ukubwa wake wa kweli kinapotea au kinafunika cha mwanzo. Windows inaamini, duka linaamini, na jina lililochapwa kwenye kadi halithibitishi chochote. Pima kwa H2testw kwenye Windows, au f3write kisha f3read kwenye Linux. Vinajaza kadi yote kwa data na kuisoma tena kuona kama imerudi ilivyokuwa. Kwa kisomaji kinachoandika MB 10 kwa sekunde, kadi ya kweli ya GB 64 itachukua kama saa moja na dakika 45 kuandikwa tu, kwa hiyo futa mipango mingine. Nunua pale utakaporuhusiwa kurudisha, upime siku hiyohiyo.

Folda zimegeuka njia za mkato zenye mshale. Hicho ni kirusi cha vibanda vya kupakia nyimbo, kinaficha folda zako za kweli na kuweka mitego yenye majina yaleyale. Usibonyeze hata mmoja. Kwenye Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ili folda za kweli zitokee, nakili nyimbo tu, kisha fomati kadi.

Kama nyimbo zilipakiwa kutoka Mac, utaona pia "nyimbo" za KB 4 zinazoanza na nukta na mstari wa chini, ._Wimbo.mp3, zisizopigwa. Kwenye Terminal ya Mac andika dot_clean -m /Volumes/ likifuatiwa na jina la kadi.

Sansa imejaa, kompyuta inaonyesha tupu

Sansa Clip ina hali mbili za USB, MTP na MSC (hali ya kutokea kama flashi), na nyimbo zilizoingia kwa hali moja hazionekani na kompyuta kwenye nyingine, ingawa kifaa kinazipiga zote. Nenda Settings, System Settings, USB Mode, ubadilishe hali, uunganishe tena. Utazikuta. Ukishasafisha, baki MSC, ina usumbufu mdogo kuliko MTP.

Walkman za Sony za kukokota nyimbo kwenye folda MUSIC hazina shida. Zile za zamani za SonicStage zina shida, na Zune ya Microsoft inatumia MTP iliyofungwa kwa ufunguo. Ukikuta mojawapo sokoni bila programu yake, iache hapo.

Rockbox, unapochoka na hifadhidata

Rockbox si programu ya kompyuta. Ni mfumo mwingine unaowekwa ndani ya kicheza muziki chenyewe. Unaanza kupiga nyimbo moja kwa moja kutoka kwenye folda, pamoja na FLAC, Ogg na Opus, na iTunesDB hauihitaji tena. Unakubali iPod ya video, mini, nano ya kwanza na ya pili, Classic, na Sansa kama Clip+ na Clip Zip. Haukubali touch wala nano ya tano, sita na saba.

Kifaa lazima kiwe FAT32. Endesha Rockbox Utility, acha itambue kifaa, bonyeza Install. Kwa Classic funga iTunes na wasaidizi wake wote kwanza, maana utaombwa kuiingiza iPod kwenye DFU, hali ya kubadilishia mfumo, kwa kushikilia Menu na kitufe cha katikati kwa kama sekunde 12 mpaka skrini iwe nyeusi, na iTunes ikiwa macho itaidaka na kudai Restore. Mfumo wa Apple haufutwi, unabaki pembeni. Nakili nyimbo kwenye folda yoyote. Ukitaka kutafuta kwa msanii, nenda kwenye mipangilio, Database, Initialize Now. Picha ya albamu isiyotokea kwa kawaida ni JPEG ya aina ya progressive, ambayo Rockbox haiisomi. Ihifadhi upya kama baseline.

Kupakia kunakwama palepale kila mara

Classic na iPod ya video zina diski inayozunguka, na diski huchoka. Kasi ikishuka mpaka karibu sifuri kwenye wimbo uleule, na ukiweka sikio unasikia tik tik, acha kupakia. Toa nyimbo zako kwanza kwa njia ya folda za F. Kisha, kwa Classic, shikilia Menu na katikati mpaka tufaha litokee, halafu katikati pamoja na kitufe cha kurudi nyuma. Menyu ya vipimo itafunguka: Manual Test, IO, HardDrive, HDSMARTData. Soma Reallocs na Pending Sectors. Sifuri ni njema. Namba inayopanda kila ukipima kwa siku mbili tatu ni diski inayokufa, na hakuna programu itakayoiponya. Fundi anaweza kuweka adapta ya kadi ya SD mahali pa diski, kazi ya kufungua kwa kabari za plastiki na kutunza utepe mwembamba wa betri. Kadi hiyo ipime kwa H2testw kabla haijafungiwa ndani.